Afande Aligoma Kumpiga Bawabu

Afande alistaafu kazi ya magereza akiwa na afya yake, meno yake na tabia zake. Hayo mawili ya kwanza mkewe aliyafurahia sana. Hilo la tatu ndilo lililoleta kizaazaa.

Karibu maisha yake yote ya kazi alishika lango la ndani, lile la katikati ya ofisi na wafungwa. Kazi ya lango lile ina sheria moja isiyo na mjadala: hufungui mlango wa pili mpaka wa kwanza umefungwa, umeuvuta, na umeridhika. Milango miwili haiwi wazi kwa wakati mmoja hata kama anayepita ni mkubwa wako anayekimbilia choo. Wenzake walipostaafu waliiacha sheria hiyo kazini pamoja na magwanda. Yeye alirudi nayo nyumbani kama mtu aliyerudi na mafua.

Nyumba yenyewe ni ndogo. Ina sebule, jiko, vyumba viwili vya kulala, na ukumbi mwembamba unaoviunganisha. Mkewe akitoka jikoni na sufuria ya moto ilimbidi asimame ukumbini, mvuke ukimpiga usoni, mpaka mzee amalize kuufunga mlango wa mbele wa sebule.

"Baba watoto, naungua mkono."

"Subiri kidogo, huu bado haujakaa vizuri."

Akauvuta. Akauvuta tena. Ndipo mama akaruhusiwa kupita na mboga zake.

Tusimwonee. Mtu aliyekaa langoni miaka yote hiyo anaona watu wanaoingizwa, na anasikia walichofanya kwenye nyumba za wenzao. Afande alisikia mengi, na mengine hakuwahi kumsimulia mtu. Alimpenda mkewe kuliko alivyojua kusema, na kwa kuwa hakujua kusema, alifunga. Kwake yeye, kufuli lilikuwa ndiyo mapenzi. Ila mapenzi hayo hayana hewa, na nyumba ilikuwa na joto hilo!

Mkewe ni fundi cherehani. Cherehani yake iko sebuleni chini ya dirisha, na zamani wateja waliingia wakatoka kama kwao. Afande alipostaafu, mteja akigonga alikutana na sauti kutoka nyuma ya mlango. Wewe nani? Umetoka wapi? Unakuja kwa nani? Mfukoni kuna nini? Kuna kitambaa, mzee, mtu anakwenda kwa fundi cherehani atabeba nini kingine? Wateja wakaanza kupungua. Wengine walihamia kwa fundi wa mtaa wa pili, ambaye mishono yake yote inakwenda upande lakini mlango wake uko wazi.

Mikono ya mama ilipokosa kazi ndipo ilipoangukia kwenye gemu. Kitinda mimba wao alipoondoka kwenda kufanya kazi mji mwingine aliiacha mashine yake chini ya televisheni, na mama, katika kuifuta vumbi, akabonyeza kitufe. Tangu siku hiyo alasiri zake zilikuwa chini ya ardhi. Gemu lilikuwa la kijitu kimoja chenye koti la viraka na taa mkononi, kinachozunguka kwenye shimo kubwa la mawe lililojaa milango iliyofungwa. Afande alipita nyuma ya kiti chake, akatazama mara moja, akaondoka. Haikumwingia akilini. Mtu ana nyumba salama, imefungwa vizuri, halafu anakaa humo kutafuta milango mingine ya kuhangaika nayo?

Mambo yaliharibika siku aliyokwenda kunyoa. Alitoka, akafunga mlango wa mbele kwa nje, na wa nyuma pia, akatia kufuli, akavuta, akaridhika, akaenda zake. Mkewe alikuwa ndani. Hakufanya kwa ubaya, wala hakufanya kwa wema. Mkono wake ulifanya wenyewe.

Huku nyuma akaja mteja mmoja kati ya wachache waliobaki, mwalimu wa shule ya msingi, kupima gauni. Alilihitaji kesho yake. Mama alisukuma mlango, akausukuma tena, kisha akaelewa. Alimpimia yule mwalimu dirishani. Alipenyeza mikono katikati ya nondo na utepe wa kupimia, na mwalimu huko nje akawa anageuka mbele na nyuma, akiinua mikono, akirudi kinyumenyume ili kiuno kifikiwe. Wapita njia walisimama kutazama. Mmoja alicheka mpaka akashika mti.

Afande aliporudi na kichwa chake kinachong'aa, mkewe alikuwa ameketi, utepe wa kupimia bado mkononi.

"Jumamosi nakwenda kwa dada yangu," alisema.

"Kwa siku ngapi?"

"Sijui."

"Sijui maana yake nini?"

"Maana yake sijui, Afande."

Mtaa mzima ulimwita Afande, hata watoto wa jirani. Mkewe hakuwahi kumwita hivyo ndani ya nyumba hata siku moja. Mzee alisimama pale na mafuta ya kinyozi shingoni. Alielewa kwamba mkewe anaondoka na huenda asirudi. Asichokielewa ni kosa lake.

"Nilikufungia usije ukadhurika," alisema.

Mama aliinuka, akachukua sanduku juu ya kabati na kuliweka kitandani wazi. Kila siku aliongeza kitu kimoja ndani yake.

Afande hakuwa na mtu wa kumwuliza. Marafiki zake wote ni askari wastaafu, na aliwajua, wangemshauri aongeze kufuli. Akampigia simu kitinda mimba.

"Mama yako anakwenda kwa mama yako mkubwa," alisema. "Kakasirika. Hasemi na mimi, anasema na hilo gemu lako."

"Umewahi kukaa naye akicheza, baba?"

"Nikae nifanye nini?"

"Ukae tu."

Kukaa tu! Kijana alisomeshwa mpaka akamaliza, na huo ndio ushauri wake. Hata hivyo kesho yake alasiri Afande alivuta kiti, akaketi kando ya mkewe, mikono magotini kama mtu aliyeitwa ofisini. Mama hakumtazama. Kijitu cha koti la viraka kilikuwa kinashuka ngazi.

"Huyu ni nani?"

"Ndiye mimi."

"Kafanya kosa gani?"

"Hana kosa."

"Sasa kafungwa kwa nini?"

"Hajafungwa. Kaingia mwenyewe."

"Kaingia gerezani mwenyewe?"

"Mdogo wake yuko huko chini. Anamtafuta."

Kwenye skrini kijitu kilifungua kasha kwenye kona ya chumba, na ndani ya kasha mkawa na ufunguo.

"Ngoja, ngoja. Nani kaacha ufunguo chumba cha mahabusu?"

"Upo tu."

"Ufunguo hauwi upo tu. Ufunguo una mwenyewe. Zamu ikibadilika, huyu anamkabidhi yule, mkononi!"

Mama alikipeleka kijitu mpaka kwenye mlango, kufuli likaanguka, mlango ukafunguka, na ufunguo ukatoweka.

"Umekwenda wapi?"

"Umekwisha."

"Ufunguo haukwishi, mama watoto. Sabuni ndiyo inayokwisha."

Pembe ya mdomo wa mama ilitikisika. Afande hakuiona, alikuwa ameukodolea macho mlango ule ulioachwa wazi nyuma.

"Na ule mwingine uliouokota ni wa mlango upi?"

"Wowote."

"Wowote?"

"Ukiwa na ufunguo, unafungua mlango wowote ulio mbele yako."

Afande aliinuka, akazunguka kiti, akaketi tena. Gereza zima, kufuli za aina moja! Jambo hilo halikuwa na kichwa wala miguu. Alianza kueleza kinachotokea mahali ambapo ufunguo wa stoo unafungua lango, akaeleza kwa mikono miwili, na mama akacheka. Ni kicheko kidogo tu, cha puani, lakini kilikuwa cha kwanza tangu siku ya kinyozi. Afande alikisikia kifuani. Akakohoa, akaionyesha pedi ya kuchezea iliyokuwa mikononi mwa mkewe, akasema, "Hebu nipe na mimi."

Sasa, mtu huyu kuongoza kijitu ilikuwa ni mateso kwa wote wawili. Kitu cha kwanza alichofanya ni kukirudisha nyuma kwenda kufunga mlango.

"Kitufe cha kufunga ni kipi?"

"Hakuna."

"Pedi yote hii, vitufe vyote hivi, cha kufunga hakuna?"

"Hakuna. Milango humu inafunguliwa tu."

Akaenda mbele shingo upande, akiacha nyuma yake milango wazi, kila mmoja ukimwuma. Funguo aliziokota zote, kwa bidii, hata zile za mafichoni ambazo mama hakuwahi kuziona. Ila kuzitumia aligoma. Alisimama mbele ya mlango uliofungwa, funguo tele mfukoni, hatikisiki.

"Tumia mmoja," mama alisema.

"Hizi si za hapa."

"Nimekwambia ni wowote."

"Huu nimeuokota chumba chenye maji. Utakuwa wa chumba chenye maji. Nikiutumia hapa, mwenyewe akija atasemaje?"

Mama alishika tama. Mwishowe alimnyang'anya pedi, akafungua mwenyewe, akamrudishia. Na huko ng'ambo ya mlango ndiko walikomkuta bawabu.

Lilikuwa jitu kubwa, zito, lenye kofia ya chuma, na rundo la funguo kiunoni. Lilitembea mbele ya lango, likifika ukutani linageuka, linarudi. Likifika ukuta wa pili linageuka tena.

"Mpige," mama alisema. "Ukimpiga ufunguo mkubwa unaanguka."

"Nimpige?"

"Mpige, mbona umesimama?"

"Mtu yuko zamu."

"Ni katuni hiyo, baba watoto."

"Kakukosea nini? Mtazame anavyotembea. Anakwenda, anarudi, hata pa kukaa hakuwekewa. Mtu huyu kasimama hapo tangu asubuhi, na wewe unataka nimvizie nyuma nimpige?"

"Yeye ndiye aliyetufungia."

"Kaambiwa afunge."

"Kaambiwa na nani?"

Afande aliikagua skrini kona kwa kona. Shimo lote alikuwa amelizunguka. Hakuona ofisi, hakuona mkubwa, hakuona hata kiti cha mkubwa. Ni bawabu peke yake na lango lake. Alimwonea bawabu yule huruma ambayo hakuweza kuieleza, na wakati huohuo alianza kumchoka.

"Simpigi," alisema.

Mama alichukua pedi na kumpiga. Alimpiga kwa hamu, kwa nguvu, kwa mapigo mengi kuliko yaliyohitajika, na Afande akajikuta amejikunja kitini kila pigo lilipotua. Bawabu akapiga magoti, akafifia, akabaki ufunguo sakafuni. Mama alirudisha pedi, akaenda jikoni kupunguza moto.

Afande akaingiza kijitu langoni. Nyuma yake nondo zikashuka kwa kishindo. Mbele nako zikashuka. Chumba kilikuwa kitupu, hakina kasha, hakina jitu, hakina sauti. Alibonyeza kila kitufe. Alikizungusha kijitu kwenye kuta zote, kikipapasa mawe. Funguo alikuwa nazo, lakini nondo hazina tundu. Jasho likamtoka, na hakujua linamtoka kwa nini, maana ni mzee ameketi sebuleni kwake mchana kweupe.

"Mama watoto! Kumejifunga!"

"Najua," sauti ilijibu kutoka jikoni.

"Mbele na nyuma!"

"Najua."

"Kafunga nani?"

"Sijui."

"Sasa natokaje humu?"

Mama alikuja mpaka mlangoni akifuta mikono kwenye kanga.

"Mimi huwa nimekaa hapohapo ulipokaa wewe," alisema, "najiuliza hivyohivyo."

"Kwenye gemu?"

"Kwenye gemu pia."

Afande aliweka pedi chini polepole, akatoka nje uani. Maisha yake yote alikaa karibu na watu waliofungiwa, na hakuwahi hata dakika moja kusimama upande wao bila ufunguo mkononi. Leo amesimama, tena ndani ya katuni. Aliona haya. Aliona hasira pia, bila kujua amkasirikie nani. Mtu ufunge nyumba yako mwenyewe kwa mapenzi, halafu uwe ndiye jitu la kofia ya chuma?

Alhamisi mama aliamka akakuta nyumba nzima iko wazi. Mlango wa mbele, wa nyuma, wa jikoni, vyumba, madirisha, yote wazi, upepo ukipeperusha mapazia mpaka kwenye dari. Na katikati ya ukumbi alisimama Afande, wima, mikono nyuma.

"Unafanya nini?"

"Nimefungua."

"Naona. Na hapo umesimama kwa nini?"

"Naangalia."

"Unaangalia nini?"

"Kwamba iko wazi."

Mama alicheka mpaka akaketi sakafuni. Afande akacheka naye, ingawa hakujua kinachochekesha, na kwa muda ule nyumba ikawa kama ya zamani. Alipoingia chumbani akalikuta sanduku palepale kitandani. Limeongezwa viatu.

"Nilidhani," alianza.

"Ulidhani nini?"

"Nimefungua milango yote."

"Umenifungulia, ahsante," mama alisema. "Lakini aliyefungua ni wewe, na funguo unazo wewe."

"Nikupe?" Alishika kiuno haraka, funguo zikalia. "Chukua, nakupa, zote hizi!"

"Sitaki kupewa. Mtu anapewa ufunguo wa nyumba yake kama zawadi?"

Afande alibaki ameshika funguo hewani. Akifunga ni kosa. Akifungua ni kosa. Akitoa ni kosa, akishika ni kosa. Alijaribu kutafuta kitu cha tano cha kufanya na hakukiona. Akaziweka funguo mezani kando ya cherehani, kwa kuwa mkono ulichoka, akaenda kuketi uani peke yake. Alitaka kumwambia mkewe asiende, na aliogopa kwamba hata hilo ni kufunga.

Jumamosi asubuhi alilibeba sanduku mwenyewe mpaka stendi. Mkewe alitembea mbele na mkoba wake, amevaa gauni la kitambaa kizuri alilojishonea wiki ile. Njia nzima Afande alikuwa na swali moja tu, utarudi lini, na njia nzima alilimeza. Lilipanda, akalimeza. Lilipanda tena walipokatiza soko, akauma meno. Kazi ya kulizuia swali hilo ilimchukua nguvu zote, hata mama alipomwonyesha duka jipya la vitambaa aliitikia tu kwa pua.

Stendi walisimama kando ya basi. Utingo alilipokea sanduku akalisukumia ndani. Mama akamgeukia mumewe, na kwa mazoea ya miaka yote ya ndoa yao akauliza, "Nyumba umefunga?"

Mkono wa Afande ulikwenda kiunoni wenyewe. Haukukuta kitu. Funguo zilikuwa bado mezani, kando ya cherehani, tangu Alhamisi.

"Sikumbuki," alisema.

"Hukumbuki?"

"Nilikuwa nawaza mambo mengine."

Mama alimkazia macho kwanza, akidhani anafanyiwa maigizo. Kisha akaona midomo ya mzee imekauka. Huyu hakuwa akiigiza. Nyumba iko wazi, mlango wa mbele na wa nyuma, barabarani kuna watu, na yeye bado amesimama kando ya basi.

"Basi nenda kafunge, kimbia! Cherehani yangu iko sebuleni!"

"Basi likiondoka."

"Wezi watakusubiri wewe mpaka basi liondoke?"

"Likiondoka," Afande alirudia, na hakusogea.

Dereva alipiga honi. Mama alipanda, akapotea kati ya abiria, akaonekana tena kwenye kiti cha dirishani. Hakupunga mkono. Alimtazama tu mumewe aliyesimama pale chini, wima, jasho likimchuruzika mashavuni, akiwa na swali lake kooni na nyumba yake wazi nyuma yake. Basi likaanza kusogea. Ndipo mama akasukuma kioo, akatoa kichwa chote nje.

"Jumanne!" alipaza sauti. "Baba watoto! Narudi Jumanne!"

Afande aliitikia kwa kichwa. Hakuelewa amefanya nini hata akapewa jibu ambalo hakuliomba, na hakuthubutu kuuliza. Alisubiri mpaka basi lilipokata kona, kisha akaanza kukimbia.